Kudopu oksidi ya zinki kwa alumini na kupima umeme wake: mwongozo kamili wa maabara

Kudopu ni kuingiza kiasi kidogo cha elementi nyingine (kidopa) ndani ya fuwele ili kubadili umeme wake. Tatizo linalojirudia kwenye miradi ya oksidi ya zinki ni hili: alumini imeongezwa kwa vipimo vyote, unga umetoka mweupe na laini, lakini ukinzani haukushuka. Wakati mwingine umepanda. Wakati mwingine namba ya asubuhi na ya jioni hazifanani kabisa.

Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Ama alumini haikuingia ndani ya fuwele, ama kilichopimwa si oksidi yenyewe bali unyevu, sodiamu iliyobaki au mguso mbaya wa elektrodi. Hatua zifuatazo zimepangwa kuziba mianya hiyo miwili.

## Nini kinatarajiwa kutokea

Ndani ya oksidi ya zinki, kila zinki ina chaji ya +2. Alumini huwa na +3. Alumini ikikalia nafasi ya zinki, inabaki elektroni moja isiyohitajika kwenye kifungo, na hiyo ndiyo inayobeba umeme. Kwa hiyo ukinzani unapaswa kushuka.

Lakini nafasi ni chache. Ayoni ya alumini ni ndogo kuliko ya zinki (nanomita 0.039 dhidi ya 0.060 katika nafasi yenye majirani wanne), na fuwele haiwezi kuipokea kwa wingi. Kwa unga wa aina hii, faida mara nyingi huisha kati ya asilimia 1 na 3 ya atomu. Alumini inayozidi hujibanza kwenye mipaka ya punje au huunda spineli ya ZnAl₂O₄, ambayo haipitishi umeme. Ndiyo maana mchoro wa matokeo mazuri hushuka, hufika chini, kisha hupanda tena. Usitegemee mstari unaoshuka moja kwa moja.

## Vifaa na kemikali

Kwa sampuli nne (0, 1, 2 na 4% za alumini), kila moja ikiwa na jumla ya moli 0.05 za metali:

- Asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele (g 219.5 kwa moli), takriban g 45
- Nitrati ya alumini yenye maji tisa ya fuwele (g 375.1 kwa moli), g 4
- Bikaboneti ya amonia (g 79.06 kwa moli), g 50
- Maji yaliyokenekwa, lita 6 au zaidi
- Ethanoli 96% au zaidi, nusu lita
- Mizani ya kusoma hadi g 0.001, kipima pH kilichosahihishwa, kipima upitishaji wa umeme wa maji
- Kikorogeo cha sumaku, bureti, bika ya lita 1, faneli ya kuchujia kwa pampu
- Kinu na mchi wa agati, kikombe cha tanuru, tanuru ya kufika 600 °C
- Dai (kalibu) ya vidonge ya mm 13 na presi ya haidroli
- Rangi ya fedha au indiamu kwa elektrodi, multimita au elektromita (kipima mikondo midogo sana)
- Glavu, miwani na barakoa ya N95. Unga wa nano unaelea hewani na hauonekani

Maji ya betri ya dukani yanaweza kutumika ikiwa chupa inasema ni maji matupu, si asidi, na upitishaji wake wa umeme uko chini ya 5 µS/cm. Pima kila chupa. Maji ya bomba yasiguse kazi hii hata kwenye kusuuza, kwa sababu sodiamu na kalisi zake zitabaki kwenye unga.

## Hatua ya 1: Andaa mmumunyo mama wa alumini

Nitrati ya alumini hunyonya maji hewani. Ukiipima kidogo kidogo kwa kila sampuli, uzito unaousoma una maji ya ziada na alumini inakuwa pungufu. Tena mizani ndogo ikikosea g 0.02 kwenye g 0.188, umeshapoteza asilimia kumi ya kidopa chako.

Pima mara moja g 3.751 za chumvi kavu, isiyonata, uiyeyushe na kufikisha ujazo wa mL 100 kwenye chupa ya kipimo. Sasa una moli 0.1 kwa lita, na unagawa kwa pipeti:

- Sampuli 0%: asetati ya zinki g 10.975, bila alumini
- Sampuli 1%: asetati ya zinki g 10.865, mmumunyo mama mL 5
- Sampuli 2%: asetati ya zinki g 10.756, mmumunyo mama mL 10
- Sampuli 4%: asetati ya zinki g 10.536, mmumunyo mama mL 20

Yeyusha asetati kwenye maji mL 70, ongeza alumini, kisha fikisha mL 100. Mmumunyo uwe angavu. Ukiwa na ukungu, ongeza matone machache ya asidi ya asetiki hadi usafike. Usiendelee na mmumunyo wenye ukungu, maana sehemu ya zinki imeshaganda (imegeuka mashapo) kabla ya wakati wake.

## Hatua ya 2: Gandisha metali mbili kwa pamoja

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na inaharibika kimyakimya.

Njia iliyozoeleka ni kumimina sodiamu haidroksaidi hadi pH 12. Kwa oksidi ya zinki tupu inafanya kazi. Kwa alumini ni hasara. Haidroksaidi ya alumini huganda kuanzia pH ya 4 hadi 5 hivi, lakini pH ikipanda kupita 10 huyeyuka tena na kuwa aluminati. Unaichuja, unaimwaga na maji ya kusafishia, halafu unaandika "2%" kwenye chupa ambayo pengine haina hata nusu yake. Juu ya hayo, sodiamu inayonaswa ndani ya unga inaweza kufuta elektroni zile zile ulizotaka kuziongeza.

Amonia ya maji nayo ina shida yake: ikizidi, inaiyeyusha zinki.

Bikaboneti ya amonia inakaa katikati, pH 7 hadi 8, ambako zinki na alumini zote huganda. Mabaki yake huondoka kama gesi tanuruni.

1. Yeyusha g 11.86 za bikaboneti kwenye maji hadi mL 150, ndani ya bika ya lita 1. Usipashe moto, kuanzia nyuzi 40 hivi huanza kuvunjika na kutoa amonia.
2. Weka kikorogeo kwenye kasi ya kuzungusha bila kurusha matone.
3. Dondosha mmumunyo wa metali ndani ya bikaboneti, mL 2 hadi 3 kwa dakika. Usigeuze mpangilio huu.
4. Povu la kaboni dayoksaidi litapanda. Likikaribia ukingo, simamisha bureti, usiongeze kasi ya kukoroga.
5. Soma pH kila baada ya mL 10 na uiandike. Ikishuka chini ya 7, ongeza g 1 ya bikaboneti.
6. Ukimaliza, endelea kukoroga kwa saa moja.

Kwa nini mpangilio ni muhimu hivyo? Ukimimina besi ndani ya metali, pH inapanda polepole kutoka 5 kwenda 8. Alumini inaganda kwanza peke yake, zinki inafuata baadaye, na unapata punje za aina mbili zilizokaa jirani, kama chumvi iliyomwagwa kwenye mchuzi ikaachwa bila kukorogwa. Kila tone linaloangukia kwenye bikaboneti linagandisha metali zote mbili papo hapo.

Dalili ya mafanikio: mashapo meupe, mazito, yanayotulia yakiachwa, na maji ya juu yakiwa safi. Tia matone mawili ya mmumunyo wa bikaboneti kwenye mL 5 za maji hayo. Yakipata ukungu, zinki bado imebaki ndani.

## Hatua ya 3: Osha hadi maji yaseme yamekwisha

Chuja, rudisha mashapo kwenye bika na maji mL 200, koroga dakika kumi, chuja tena. Rudia mara nne au tano. Kigezo chako kiwe kipimo cha maji yanayotoka, si idadi ya mizunguko: simama yakishuka chini ya 50 µS/cm.

Usalama pia unadai uoshaji huu. Nitrati na asetati zilizobaki pamoja zinaweza kuwaka ghafla zikipashwa moto zikiwa kavu.

Mzunguko wa mwisho tumia ethanoli. Maji yanapokauka huzivuta chembe na kuzigandamiza kuwa mabonge magumu yasiyosagika. Ethanoli hupunguza mvuto huo. Acha ethanoli iishe kwenye chumba cha kuvutia hewa kwanza, kisha kausha kwenye oveni 80 °C usiku kucha. Oveni iliyofungwa na yenye mvuke wa ethanoli ni hatari.

## Hatua ya 4: Choma

Saga kwa kinu cha agati. Kinu cha alumina (oksidi ya alumini) hakifai hapa kwa sababu iliyo wazi. Tandaza unga usiozidi kina cha sentimita moja, pandisha tanuru nyuzi 5 kwa dakika hadi 500 °C, shikilia saa 2, acha upoe humo humo.

Pima uzito kabla na baada. Mashapo haya ni hasa haidrozinkiti, Zn₅(CO₃)₂(OH)₆, ambayo ikigeuka oksidi hupoteza karibu 26% ya uzito. Ukipoteza 24 hadi 30%, uko sawa. Kinachozidi kidogo ni unyevu. Ukipoteza 15%, uchomaji haujakamilika. Kwa moli 0.05, kiwango cha juu cha oksidi ni g 4.07, na kupata zaidi ya g 3.5 ni kazi nzuri.

Ukifungua tanuru mapema utaona unga wa njano. Usiutupe. Oksidi ya zinki huwa ya njano ikiwa moto na hurudi nyeupe ikipoa.

Sampuli zote nne zichomwe pamoja, kwenye mchomo mmoja. Tofauti ya nyuzi 30 kati ya mchomo na mchomo hubadili ukubwa wa chembe, na ukubwa hubadili ukinzani, kisha hujui tena alumini imefanya nini.

## Hatua ya 5: Hakikisha alumini imo, na imo mahali pake

Haya ni maswali mawili tofauti na kila moja lina kipimo chake.

Imo? Yeyusha g 0.1 ya unga kwenye asidi ya nitriki iliyopunguzwa na uipeleke kwenye kipimo cha AAS au ICP, mitambo inayopima kiasi cha kila metali kwenye mmumunyo. Wengi huridhika na EDX (kipimo cha elementi) ya darubini ya elektroni, lakini angalia unga umebandikwa juu ya nini. Vishikio vingi vya darubini hiyo vimetengenezwa kwa alumini, na utepe wa kaboni ukiwa na upenyo utapata kilele kizuri cha alumini hata kwenye sampuli ya 0%. Pima sampuli ya 0% kwanza. Ikionyesha alumini, hicho kishikio kimekudanganya.

Imo mahali pake? Tumia difraksheni ya eksirei (eksirei zinazotawanywa na fuwele kwa pembe zake maalumu), kwa mrija wa shaba (urefu wa wimbi λ wa nanomita 0.15406). Vilele vya oksidi ya zinki viko 31.8°, 34.4°, 36.3°, 47.5°, 56.6°, 62.9° na 67.9°. Spineli ina vilele karibu na 31.2° na 36.8°, lakini hivyo humezwa na vya zinki. Itafute kwenye 59.3° na 65.2°, ambako oksidi ya zinki iko kimya.

Kutoona spineli si ushahidi kwamba alumini yote imeingia. Kwa 500 °C ziada inaweza kuwa haijapata umbo la fuwele, na eksirei haiioni. Choma sehemu ndogo ya sampuli ya 4% kwa 900 °C saa 2 na uipime tena. Spineli ikijitokeza, angalau unajua alumini ilivuka hatua ya kuosha. Unga huo wa 900 °C usiutumie kwa vipimo vya umeme.

Kuhusu kilele cha 34.4° kusogea kulia: ni kweli alumini ndogo huibana fuwele, lakini kwa 1 au 2% msogeo ni mdogo sana, na unga uliojazwa juu au chini kidogo ya ukingo wa kishikio unaleta msogeo huo huo. Changanya silikoni kidogo ndani ya unga na utumie kilele chake cha 28.44° kama rula. Bila hivyo, usiandike chochote kuhusu msogeo.

Ukubwa wa fuwele unapatikana kwa kanuni ya Scherrer, D = 0.9λ / (β cos θ), ambapo β ni upana wa kilele kwa radiani na θ ni nusu ya pembe ya kilele. Kilele cha 36.3° chenye upana wa 0.40° baada ya kutoa upana wa mtambo: β ni radiani 0.00698, cos 18.15° ni 0.950, na D inatoka nanomita 21 hivi. Kosa linalorudiwa sana ni kuacha β katika digrii, au kutumia 36.3° badala ya nusu yake. Utaona pia chembe zikipungua ukubwa alumini ikiongezeka. Andika hilo, utalihitaji wakati wa kufafanua ukinzani.

## Hatua ya 6: Tengeneza vidonge

Pima g 0.500, weka kwenye dai ya mm 13, kandamiza kwa tani 2.7 (takriban MPa 200) dakika 2, kisha legeza presi polepole ukihesabu sekunde 30. Ukiilegeza ghafla, hewa iliyobanwa hupasua kidonge kuwa tabaka.

Choma vidonge vyote pamoja kwa 600 °C saa 2 ili chembe zishikane shingoni. Ukienda 1100 °C utapata kauri nzuri iliyoshikamana, lakini si nanochembe tena.

Pima unene kwa maikromita na kokotoa msongamano. Oksidi ya zinki kamili ni g 5.61 kwa cm³. Kidonge cha mm 1.2 kiko karibu na 55%. Vidonge vikitofautiana zaidi ya pointi 3 za asilimia, tengeneza upya: nafasi tupu nazo huongeza ukinzani.

## Hatua ya 7: Ondoa oksijeni iliyong'ang'ania

Hatua hii huachwa na wengi, halafu alumini inalaumiwa. Kila chembe iliyochomwa hewani ina oksijeni juu ya uso wake, na oksijeni hiyo hukamata elektroni. Kwenye chembe ya nanomita 20, uso ni sehemu kubwa ya mwili wote. Elektroni zilizotolewa na alumini zinaishia kunaswa mpakani.

Pasha vidonge kwenye tanuru ya mrija, 450 °C kwa saa moja, ndani ya nitrojeni yenye haidrojeni 5%. Safisha mrija kwa nitrojeni tupu dakika 20 kwanza, elekeza gesi inayotoka kwenye chumba cha kuvutia hewa, na usifungue kabla ya kufika chini ya 80 °C. Usitumie haidrojeni tupu: ni hatari, na inaweza kugeuza oksidi kuwa mvuke wa zinki unaoganda kwenye mrija.

Sampuli ya 0% lazima iingie pamoja. Haidrojeni yenyewe hutoa elektroni ndani ya oksidi ya zinki, hivyo hata kidonge kisicho na alumini kitashuka ukinzani. Athari ya alumini ni ile tofauti inayobaki kati yao.

Dalili ya mafanikio: vidonge vyenye alumini hupata rangi hafifu ya kijivu au samawati, na ukinzani hushuka mara nyingi sana kulinganisha na kabla.

Huna gesi hii? Endelea bila hatua hii, ila useme wazi kwenye ripoti kwamba vidonge vilichomwa hewani, na utarajie tofauti ndogo kati ya sampuli.

## Hatua ya 8: Elektrodi na upimaji

Bandika karatasi yenye tundu la mm 11 kila upande, paka rangi ya fedha, kausha kwa joto linaloelekezwa na mtengenezaji wake. Kingo zibaki wazi. Tone moja likishuka ubavuni, unapima fedha. Indiamu iliyokandamizwa ni bora zaidi kwa oksidi hii, kwani fedha wakati mwingine huweka kizuizi cha upande mmoja.

Kabla ya kipimo chochote:

- Pasha kidonge 150 °C kwa saa moja, kipoe ndani ya chombo chenye silika jeli. Dar es Salaam au Mombasa, kidonge kilichoachwa mezani hunywa unyevu wa kutosha kuonyesha ukinzani wa maji badala ya wa oksidi.
- Kiweke gizani usiku kucha. Mwanga wenye urujuanimno huachilia elektroni, na athari yake hudumu saa nyingi baada ya taa kuzimwa.
- Pitisha volti kutoka −1 hadi +1 na uchore mkondo. Mstari ulionyooka unaopita sifuri unamaanisha mguso ni mzuri. Ukipinda, rudia elektrodi kwanza.

Weka volti 1, subiri sekunde 60 mkondo utulie, soma. Kisha ρ = R × A / t, ambapo ρ ni ukinzani wa oksidi yenyewe, R ukinzani uliousoma (volti kwa mkondo), A eneo la elektrodi na t unene wa kidonge. Mfano: R ni megaohimu 2.4, A ya duara la mm 11 ni cm² 0.950, t ni cm 0.120, ρ ni 1.9 × 10⁷ Ω·cm.

Multimita ya kawaida huishia kwenye makumi ya megaohimu; zaidi ya hapo hitaji elektromita. R ikiwa chini ya kiloohimu moja, nyaya na miguso vinaanza kuhesabika, kwa hiyo tumia sindano nne (mbili za mkondo, mbili za volti). Kanuni ya ρ = 4.532 × t × V/I ni ya sampuli nyembamba na pana sana. Kidonge cha mm 1.2 chini ya sindano zilizoachana mm 1 kinahitaji marekebisho ya unene na ya kipenyo.

Ukiweza, pima kutoka 30 hadi 150 °C na uchore ln σ (σ ni 1/ρ) dhidi ya 1000/T (T kwa kelvini). Zidisha mteremko, bila alama yake ya kutoa, kwa 0.0862 upate nishati ya uamshaji kwa eV: mteremko wa −4.2 ni 0.36 eV. Alumini ikifanya kazi, namba hii hupungua, na haitegemei sana unene wala nafasi tupu za kidonge. Kwa sababu hiyo tunaiamini kuliko ρ peke yake.

## Namba zikikataa

Ukinzani uleule kwa sampuli zote. Rudi kwenye kumbukumbu za pH, kisha kipimo cha AAS. Alumini ilioshwa, au vidonge vyote vimefunikwa na oksijeni.

Unapanda tangu 1%. Kagua sodiamu. Kama haipo, linganisha ukubwa wa chembe: zikipungua sana, mipaka imeongezeka kuliko elektroni zilizoongezwa.

Namba inabadilika ukiangalia. Ikishuka taratibu, ni mwanga au unyevu. Ikipanda taratibu baada ya hatua ya gesi, oksijeni inarudi; pima ndani ya siku hiyo hiyo na hifadhi vidonge kwenye nitrojeni.

4% ni bora kuliko 2%. Inawezekana, lakini kwanza hakikisha 2% ina kweli 2%.

## Ukitaka kulinganisha na litiamu

Litiamu ina +1, hivyo ikikalia nafasi ya zinki hufuta elektroni na ukinzani hupanda. Ni sampuli nzuri ya kuonyesha kwamba chaji ya kidopa ndiyo inayoamua. Lakini usiifuate Hatua ya 2: kaboneti ya litiamu huyeyuka vya kutosha kwenye ujazo huu na yote itaondoka na maji ya kuchujia. Chukua mashapo ya sampuli isiyo na alumini, yaliyooshwa na kukauka, yalowe kwa mmumunyo wenye nitrati ya litiamu g 0.0345 (1% kwa moli 0.05), koroga, kausha yote bila kuchuja, saga tena, kisha endelea na Hatua ya 4. Kidonge chake usikipitishe kwenye haidrojeni.